Kamzigo Kadogo Tu

Aliyenitoa nyumbani ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Nilikuwa nimesimama ubaoni nikichora Maporomoko ya Victoria kwa chaki ya buluu, natamba kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuloweshwa na maji yake: upana mita 1,708, kimo mita 108, wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma. Kijana akanyoosha kidole.

"Mwalimu, ulipofika pale uliyaonaje?"

Darasa likatulia. Nimefundisha Jiografia Sumbawanga miaka 14. Nimewavusha watoto wa watu jangwa la Sahara, nimewapandisha milima ya Alps, nikawarudisha salama kabla ya kengele ya chakula. Mimi mwenyewe, kwa upande wa kusini, mwisho wangu ulikuwa Tunduma, nilikokwenda kutafuta spea ya pikipiki. Nikakohoa. "Yananguruma," nikamjibu, "kama nilivyosema." Kengele ikaniokoa, lakini yule kijana alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Usiku ule nikamwambia mke wangu: likizo ya Juni naenda Zambia, hadi Livingstone, wiki nne, begi mgongoni.

"Begi mgongoni kama wale Wazungu?"

"Kama wale wale."

Wale Wazungu kila mtu wa Sumbawanga anawajua. Wanapanda kutoka Kasanga, ziwani, au wanakuja kutoka Mpanda, wekundu kama matofali ya kuchoma, wamebeba nyumba mgongoni kama konokono. Wanaagiza chai ya rangi pale stendi, halafu humo begini wanatoa kikombe chao wenyewe, kijiko chao wenyewe na, nilishuhudia kwa macho yangu, karatasi yao wenyewe ya chooni. Niliwaonea wivu miaka yote hiyo. Mtu anayejitosheleza kiasi kile hadaiwi na yeyote.

Begi nililipata kwenye mitumba, la kijani, refu kutoka kiunoni hadi kupita kisogo. Muuzaji akaapa kwamba ni la lita 70. Mama, niliyekwenda naye ili anisaidie kushusha bei, akashtuka. "Lita? Kwani ni la kubebea maziwa?" Muuzaji akaeleza kwamba huko yanakotoka, mabegi hupimwa hivyo. Mama akapiga hesabu kwa vidole: madumu matatu na nusu. "Basi," akasema taratibu, na nikaona jicho lake likimeta, "litaingiza vitu." Ningekuwa na akili ningelirudisha palepale.

Lilikuwa na mikanda 17. Niliihesabu. Nikalipeleka kwa fundi viatu, maana ndiye mtu ninayemwamini katika mambo ya mikanda, naye akalizunguka mara tatu kama daktari wa ng'ombe. Huu ni wa kifuani, akasema. Huu wa kiunoni, ndio unaobeba uzito. Na huu? Huu ni wa kufungia ule. Na ule? Akafikiri. Ule ni wa kufungia huu. Kwenye kifungo cha kifuani tukakuta kitobo. Fundi akakipuliza, kikalia. Ilikuwa filimbi. Watu wa mitaa miwili wakageuka.

Sasa, mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kwamba pale Kalambo, mpakani mwetu na Zambia, juu kidogo ya maporomoko, yamepatikana magogo mawili yaliyochongwa yakakamatana, na kwamba aliyeyachonga aliishi miaka kama 476,000 iliyopita, kabla hata ya binadamu wa namna yetu kuwapo. Majirani zangu hao waliunganisha gogo na gogo kwa kutumia jiwe. Mimi na shahada yangu nilikaa saa nzima sebuleni nimejifunga mkono wa kushoto pamoja na shingo, hadi binti yangu wa darasa la nne alipokuja kunifungua.

Kulikuwa na orodha. Mwalimu mwenzangu aliniazima kitabu cha Kiingereza cha wasafiri wa begi, na ukurasa mzima ulikuwa wa vitu ambavyo bila hivyo mtu asithubutu kutoka nje ya mlango wake. Jioni, tumezunguka jiko la mkaa maana Sumbawanga ya mwezi Mei si ya kukaa mbali na jiko, nikamsomea mke wangu.

"Hema."

"La nini? Ndugu wote wamekufa?"

"Mfuko wa kulalia."

"Blanketi lina kosa gani?"

"Jiko dogo la gesi."

"Uende kwa watu na jiko lako? Watasema nyumbani kwako mnanyimana."

"Vidonge vya kusafishia maji."

"Hivyo chukua."

"Filimbi."

"Unayo."

Katika vitu 43 tukakubaliana viwili. Nilianza kuhisi kwamba aliyeandika kile kitabu hakuwa na shangazi. Kila kitu alichokipakia kilikuwa kinashika nafasi ya mtu fulani: hema badala ya mjomba, jiko badala ya shemeji, filimbi badala ya jirani mwenye sauti kubwa.

Mwisho wa orodha palisemwa kila kitu kitiwe kwanza kwenye mfuko wa plastiki. Nikamkumbusha mke wangu kwamba mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Hakunijibu. Akaenda chumbani, akainua godoro, akarudi na mifuko minane ya rambo iliyokunjwa vizuri kama hati za kiwanja. "Niliitunza," akasema, "kwa ajili ya siku kama hii." Nikakataa. Sikutaka kuanza safari ya nchi za nje nikiwa mhalifu. Kumbukeni uadilifu wangu huu, maana ulinitokea puani.

Nilijipa moyo kwa historia. Mwaka 1913 Wajerumani waliijenga meli pale Papenburg, wakaifungua yote, wakaipakia katika masanduku 5,000, wakaisafirisha hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, wakaiunga upya. Mwaka 1915 ikashushwa Ziwa Tanganyika kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata vita vikawaelemea, wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi ili siku ikiibuliwa iweze kufanya kazi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari ikiitwa Liemba, ile ile ambayo wazee wetu wameipanda pale Kasanga. Hiyo ndiyo maana ya kufungasha: mtu anapanga hadi jinsi ya kuzama. Mimi mwenye begi moja nilikuwa nimesahau miwani niliiweka wapi.

Halafu habari zikaenea.

Siku tatu kabla ya safari zilikuwa zimefika Chanji, Kizwite na Katandala, na kutoka huko zikapata lifti hadi Mpui. Watu wakaanza kuja. Wanapiga hodi, wanaamkia, wanaulizia watoto, wanaulizia mahindi shambani, wanakunywa chai, na wakati wa kuaga ndipo inapotoka: "Mwalimu, nasikia unapita Zambia. Nina kamzigo kadogo tu." Wenye sarufi wanatuambia hiyo ka- si Kiswahili sanifu. Mimi nasema kosa lake si la sarufi, ni la kusema uongo. Sijawahi kuona kamzigo kadogo ambako mtu mmoja anaweza kukanyanyua bila kuguna.

Jirani alileta redio ya mbao, ya kijana wake aliyeko Nakonde, na betri zake sita. Mjomba alileta maharage ya njano, kilo tano, ya rafiki yake waliyesoma wote. Mama mdogo alileta unga wa ulezi kwenye mfuko wa kitambaa, kwa sababu watu wanaosafiri bila unga wa ulezi ndio hao wanaorudi wamekonda. Mtu mmoja nisiyemjua alileta kuku. Kuku nilimkataa. Naomba hilo liandikwe mahali: kuku nilimkataa.

Mama alisubiri wote wamalize, ndipo akaingia na begi la shangazi kaja lililojaa dagaa wa Ziwa Tanganyika hadi zipu ikashindwa kufika mwisho.

"Za shangazi yako wa Kitwe."

Shangazi wa Kitwe tunamjua kwa simu tu. Baba yake, mdogo wa babu yangu, aliondoka Ufipa enzi za mkoloni kwenda kwenye migodi ya shaba, kama walivyofanya vijana wengi wa huku, na hakurudi tena. Akaoa huko, akazeeka huko, akazikwa huko. Nikamwambia mama kwamba dagaa wananuka, kwamba begi limejaa, kwamba Kitwe haiko njiani. Alinitazama hadi nikawa na miaka minane. "Babu yako mdogo alikwenda kwa miguu na blanketi moja," akasema. "Wewe una madumu matatu na nusu, na mabasi, na unamnyima dada wa baba yako dagaa."

Nikatoa suruali moja, nikatoa mashati mawili, nikatoa vidonge vya maji kwa bahati mbaya. Nguo zilizobaki kazi yake ikawa ni kuzuia redio isigongane na maharage. Nikalipeleka begi kwa jirani anayenunua mahindi, tukalitundika kwenye mizani yake: kilo 32. Nikapiga hesabu na mwili ukanisisimka. Kilo 32 ni frasila mbili, mzigo uleule aliotwishwa mpagazi wa misafara ya karne ya 19 kutoka pwani hadi huku bara. Tofauti ni kwamba mpagazi alilipwa. Jirani alilizunguka begi, akaona lilivyotuna juu ya kifuniko na kushonewa kamba. "Mwalimu," akasema, "hii ni lumbesa. Wakala wa Vipimo wakikukuta nalo utajieleza."

Pasi ya kusafiria, iliyonigharimu shilingi 150,000, niliiweka mahali salama kuliko pote. Chini kabisa.

Asubuhi ya safari ukungu ulikuwa umeukalia mji, na vilima vya Mbizi havikuonekana. Utingo alilibeba begi akitweta, akaniuliza linakotoka, akaandika ubavuni kwa kalamu nene: S/WANGA. Ndani ya basi mtoto wa abiria wa kiti cha nyuma aliigundua filimbi kwenye mkanda niliokuwa nimeukata na kuutia mfukoni, sijui aliutoaje. Aliipuliza hadi Laela. Pale Laela mama yake akamnunulia ndizi, tukapumzika kwa muda wa ndizi mbili.

Inabidi niseme neno kuhusu jina la mji wetu. Sumbawanga, kwa tafsiri inayojulikana, ni "tupa uchawi". Ni tangazo la wazi, kama lile la ukutani la "Usikojoe hapa". Kwa bahati mbaya Tanzania nzima imelisoma tangazo hilo jinsi wanavyosoma lile la ukutani: kama limeandikwa, basi hapo ndipo wanapokojoa. Ukisema unatoka Sumbawanga, watu wanacheka kwanza, halafu wanaacha kucheka. Nilipokwenda kozi Morogoro wenzangu waligombania vitanda vyote isipokuwa nilichokiwekea mkoba. Mtu aliyekuwa akinidai shilingi 20,000 aliniambia hana haraka.

Miaka yote hiyo nilikereka. Kule Tunduma nikabadilika. Nilishuka, nikaburutwa na rafiki wa zamani kwenda kunywa chai, na nikiwa katikati ya chapati ya pili nikakumbuka kwamba begi nimeliacha kando ya barabara, mahali palipojaa mikokoteni, mabega ya watu, malori na kelele za dunia yote. Nikakimbia huku nimeshika suruali, maana mkanda wangu wa suruali nilikuwa nimeufungia begi. Begi lilikuwepo. Limesimama peke yake, limenyooka, na kulizunguka pande zote kulikuwa na uwanja mtupu wa hatua mbili, mahali ambapo huwezi kupata nafasi ya kuweka mguu. Kijana wa mkokoteni akaniamkia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata darasani.

"Shikamoo mzee. Ni lako?"

"Marahaba. Hakuna aliyeligusa?"

Akayatazama yale maandishi. "Aliguse nani, mzee? Mtu ana watoto wake."

Kile kitabu cha Kiingereza kilikuwa kimependekeza kufuli mbili.

Kituo cha mpakani cha Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja, kilifunguliwa rasmi mwaka 2019, na faida yake ni kwamba maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja. Kwa hiyo aibu yangu ilishuhudiwa na serikali mbili kwa mkupuo. Ofisa, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliniomba pasi. Nikamwambia anisubiri kidogo tu. Nikakata kamba ya lumbesa na kuanza kushusha: redio, betri sita, soksi, shangazi kaja. Harufu ya dagaa ikatangulia mbele ya foleni, ikageuka, ikarudi nyuma ya foleni. Nikazama hadi mabegani.

"Umebeba nini humo, baba?"

"Unga," nikasema kutoka ndani ya begi.

Kuna maneno ambayo nyumbani ni chakula na mpakani ni kifungo. Nilipoinua kichwa, sauti yake haikuwa ya upole tena.

"Unga gani?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema "wa ulezi". Mimi nilisikia swali la mahali, nikajibu la mahali. "Wa Sumbawanga."

Foleni iliyokuwa imenibana mgongoni ikapata nafasi ya kupumua. Hadi leo sijui ni nani walioruka mbali zaidi, waliodhani ni dawa za kulevya au waliodhani ni dawa. Nikavuta mfuko kwa haraka ili niwaonyeshe. Ulikuwa wa kitambaa, si wa plastiki, kwa sababu mimi ni raia mwema. Ukanasa kwenye antena ya redio, ukachanika kuanzia juu hadi chini. Kilo tatu za unga mwekundu zikamiminika juu ya kaunta, juu ya fomu, juu ya mikono ya dola. Na kutoka katikati ya unga ule, taratibu, kama mamba anayeibuka mtoni, ikatokeza pasi yangu.

Yule mama akachukua chembe kwa kidole, akanusa. Akacheka mpaka akaegemea kiti. "Ulezi! Mama yangu anapika togwa ya huu." Akagonga muhuri. Ukurasa ule hadi leo ukiufungua unapiga chafya. Maharage ndiyo yaliyokwama: ofisa wa upande mwingine aliuliza cheti cha afya ya mimea, na mimi nilikuwa na cheti cha ualimu. Nikarudi nayo upande wa Tunduma, nikampa mama lishe. Mjomba anaamini kwamba rafiki yake aliyapata, na rafiki yake ni mstaarabu, hajakanusha.

Nikiwa pale Tunduma na maharage, nilifanya jambo moja zaidi, ambalo kama mwalimu wa Jiografia ningependa lisifike kwa ofisa elimu. Nilimtafuta yule utingo nikampa koti langu zito na sweta avirudishe nyumbani, ili begi lipungue. Hoja yangu ilikuwa hii: baridi ni ya Ufipa. Sisi tuko juu, wengine wote wako chini, kwa hiyo wengine wote wana joto. Miaka 14 nimewaandikisha watoto kwamba Juni na Julai ndiyo kipupwe kusini mwa ikweta, na kwamba kadiri unavyokwenda mbali na ikweta ndivyo baridi ya majira hayo inavyozidi. Niliwaandikisha, nikawasahihishia, nikawakata alama waliokosea.

Kabla ya baridi kulikuwa na Kitwe. Basi la Kapiri Mposhi, halafu jingine, na mahali fulani katikati mtu alifungua mfuko wa juu wa begi akaiba tochi. Hilo likanifundisha kwamba jina letu halivuki mpaka. Kijana wa redio nilikuwa nimempata Nakonde siku ileile ya kuvuka mpaka. Akanishukuru, akaiwasha, haikuwaka.

Shangazi alinipokea mlangoni, mama mfupi wa miaka sabini na kitu, ana paji la uso la babu. Tukasalimiana kwa Kibemba chake, Kiswahili changu na maneno machache ya Kifipa aliyoachiwa na baba yake. Nikamkabidhi shangazi kaja kwa mikono miwili, kama mahari. Akafungua zipu, akatazama, akafunika mdomo kwa khanga, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akanishika mkono hadi sokoni, na pale, juu ya meza baada ya meza, marundo kwa marundo, yanauzwa kwa kikombe na kwa gunia: kapenta. Dagaa walewale. Si tu kwamba Zambia nayo ina kipande chake cha Ziwa Tanganyika pale Mpulungu, bali mwishoni mwa miaka ya 1960 dagaa wetu walichukuliwa ziwani wakapelekwa kupandwa Ziwa Kariba, wakazaana huko wakawa kitoweo cha kila nyumba. Walisafiri kabla yangu, mbali kuliko mimi, na sidhani kama kuna aliyewatwisha redio.

Jioni shangazi alipika dagaa wa mama. Tulikula na nshima, kimya kimya, na alipomaliza akalamba kidole kimoja kimoja. Wa sokoni aliwapa paka.

Lusaka iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni mji ule hauna huruma na mtu aliyerudisha koti. Chumba nilichopewa kilikuwa na blanketi jembamba kama ilani. Saa nane za usiku nilikata shauri. Nililimwaga begi, ambalo sasa lilikuwa tupu karibu lote, nikaingiza miguu, nikalivuta hadi kifuani, nikafunga mkanda wa kiunoni, nikafunga mkanda wa kufungia ule, na kwa mara ya kwanza kila kitu kikakaa mahali pake. Nililala hadi asubuhi nikinuka dagaa. Ndipo nilipoelewa kwa nini Wazungu wanapima mabegi kwa lita.

Kisha Livingstone, karibu kilomita 500 nyingine. Kwenda kuyaona maporomoko nilinunua mwavuli, na watu wa pale waliokodisha makoti ya mvua waliutazama mwavuli wangu kwa masikitiko bila kusema neno. Mwavuli umeumbwa kwa ajili ya mvua inayotoka juu. Pale, kwenye lile daraja la Knife Edge, maji yanaanguka bondeni, yanavunjika, yanageuka yanapanda, yanakupita usoni, yanafika juu yanabadilisha mawazo, yanakuangukia tena. Mwavuli ulipinduka, ukawa bakuli, bakuli likajaa, nikalimwagia mtalii mmoja miguuni. Nikapuliza filimbi kumwomba radhi. Nilidhani itasikika, lakini sikuisikia hata mwenyewe. Nilikuwa nimelowa hadi kwenye pasi. Mbele yangu kulikuwa na upinde wa mvua wa duara zima, na nyuma yake ukuta mweupe usio na mwisho, unanguruma. Mita 108, upana 1,708. Nilisimama hadi meno yakaanza kugongana. Nilichokuwa nacho kikavu ni kitenge cha mke wangu, alichokichomeka begini bila kuniambia, nikajifunga kama mzazi aliyetoka wodini.

Kitenge hicho, kwa kuwa mmeniuliza, ndicho kitu pekee nilichokitumia kila siku. Kilikuwa taulo, pazia, shuka, mto, kamba, na siku moja fulana. Hakimo kwenye orodha ya vitu 43.

Nilirudi kupitia Kitwe kuaga, kosa la mwisho. Shangazi alikuwa amejiandaa: vitenge kumi na viwili, sabuni, mafuta ya kupaka, sufuria mbili zilizoingiliana, na picha ya baba yake iliyowekwa kwenye fremu ya kioo, kijana wa Kifipa na kofia ya mgodini, hacheki. Alisema neno fulani kwa Kibemba akionyesha urefu kwa vidole viwili. Kibemba sikijui, lakini hilo nililielewa. Kwenye mizani ya jirani lilifika kilo 36. Picha sasa iko ukutani kwa mama, na begi analo yeye, limekaa jikoni limejaa maharage. Linaingiza debe tatu na nusu, anasema. Lita anazijua kuliko mimi.

Muhula ulipofunguliwa niliingia kidato cha pili bila chaki. Niliyaeleza maporomoko kwa dakika 30: upinde wa duara, mvua ya kutoka chini, daraja. Walisikiliza midomo wazi. Yule kijana akanyoosha kidole.

"Mwalimu, na Kalambo, ulipofika pale uliyaonaje?"

Maporomoko ya Kalambo yana kimo cha zaidi ya mita 200, yaani yanapita Victoria mara mbili. Yako katika mkoa wetu huu, na kutoka pale ubaoni hayafiki kilomita 150. Sijafika. Siku hiyo kengele ilichelewa.

Nakwenda Desemba, siku mbili, na mfuko wa mkononi. Mama amekwisha kusikia, na jana alikuwa anaulizia pale sokoni bei ya shangazi kaja. Kwa hiyo wewe unayesoma haya, kama una ndugu Matai, Kasanga au popote pale njiani, nakuomba kwa heshima zote: mzigo wake mtumie kwa basi.